Boti ya Fahali Sita

“Huyu ameamshwa kabla hatujafika,” Machuki alisema, mkono wake bado uko juu ya injini. “Ana joto.”

“Mzee, hii ni boti,” Boaz akamjibu. “Boti haiamshwi. Ni jua tu limeipasha.”

“Jua liko nje. Injini iko ndani, chini ya kifuniko, na juu ya kifuniko kuna mkeka. Hilo jua lilipitia wapi?”

“Jaduong', mzee wangu, wewe unataka boti ama unataka kesi?”

“Nataka kumwona akiamka mwenyewe. Asubuhi, mwili baridi, hajapigwa kiboko. Ng'ombe ukimkuta ameshasimama, utajuaje kama anaweza kuinuka?”

Boaz akanigeukia mimi. Huyo Boaz alikuwa dalali wa pale gatini Homa Bay, mtu wa makamo mwenye viatu vyeupe, na siku hizo aliuza kila kitu kuanzia nyavu hadi majeneza. “Mama, hebu sema na mume wako. Boti nyeupe hivi, ina chumba cha usukani, ina vioo mbele na pembeni, ina kiti cha kuzunguka. Saa nane kuna mtu wa Kisumu anakuja kuichukua.”

“Aichukue tu,” nikasema. “Mtu wa Kisumu naye ni mtu.”

Sikuwa upande wa Boaz, wala sikuwa upande wa Machuki. Mimi nilikuwa upande wa fahali sita.

Niwaeleze hao fahali, na niwaeleze huyo mume, kwa sababu ukimjua mmoja bila mwingine hujamjua yeyote. Machuki ni Mkisii aliyehamia Rangwe akiwa kijana, na tangu hapo kazi yake ilikuwa moja: kununua ng'ombe kwa Wakuria kule mpakani Isebania, kuwaswaga kwa miguu kupita Migori na Rongo, na kuwauza Rangwe. Miaka thelathini na mitano alitembea njia hiyo, mpaka mbwa wa Rongo wakaacha kumbwekea wakawa wanamsindikiza. Safari moja aliondoka Isebania na ng'ombe kumi na wawili akafika Rangwe na kumi na watatu, na hakuna aliyezaa njiani. Huyo wa kumi na tatu alimwona tu akipita, akapenda mwendo wake, akafuata. Machuki, kwa kuwa ni Msabato, alimrudisha mpaka kwa mwenyewe, siku nne kwenda, siku nne kurudi, na yule ng'ombe alilia njia nzima.

Angefumba macho akasikiliza ng'ombe anavyocheua, akakwambia jana alikunywa maji ya mto gani. Mimi mwenyewe alinichagua hivyo hivyo. Alikuja kwetu kuposa, uso wangu hakuutazama hata kidogo, alinitazama nikipanda mlima na mtungi kichwani, kisha akamwambia baba yangu, “Huyu hapumui kwa mdomo.” Nimekaa naye miaka yote hii nikingoja anisifie kitu kingine.

Sasa mwaka ule, ule uliotangulia mvua za El Nino, magoti yake yalikataa. Yalivimba yakawa kama vibuyu viwili, na akiinuka asubuhi yanalia hata jirani anajua kumekucha. Akabaki na fahali sita wa mwisho. Badala ya kuwauza tupumzike, akapata wazo: atawabadilisha na boti. Visiwani kuna ndama na mbuzi wazuri ambao wanunuzi wa bara hawawafikii. Yeye atawaleta sokoni amekaa kitako, ndani ya chumba chenye kioo, mvua ikinyesha huko nje ikipenda.

“Nitaswaga nimeketi,” akaniambia.

Nikamwuliza, Mkisii na ziwa wapi na wapi. Sisi tumezaliwa milimani. Maji tunayoyajua ni yale yanayopita yakienda kwa wenyewe, si haya yanayokaa. Lakini kulikuwa na jambo ambalo sikumwambia. Zile wiki tatu alizokaa uani na magoti yake, alikuwa ameanza kuzungumza na kuku, na si kuwafukuza, kuzungumza. Akipata boti mbovu, tungebaki hatuna fahali wala boti. Akikosa boti kabisa, angebaki na wale kuku, na mwanamume aliyezoea njia hakai uani miaka mingi. Ndiyo maana nilimfuata Homa Bay, ili nigombane naye karibu karibu.

Basi Machuki aliondoa mkono kwenye injini ya Boaz, akachukua fimbo yake, akashuka kwenye matope, akaanza kuigonga ile boti nyeupe ubavuni, mbao moja baada ya nyingine. Ko, ko, ko, ikasema. Ko, ko. Halafu, karibu na maji, pale rangi ilipong'aa zaidi kuliko kwingine, ikasema pu.

Akagonga tena. Pu.

“Huyu ana kidonda, na kimepakwa samli,” Machuki akasema. “Kwaheri, bwana Boaz. Msalimie mtu wa Kisumu.”

“Ng'ombe, ng'ombe, ng'ombe,” Boaz akasema akitupa mikono. “Mzee, ungekuja na nyasi basi uilishe.”

Nilicheka. Siwezi kusema sikucheka.

Tulilala kwa dada mmoja wa kanisa pale mjini, na ndiye aliyetuambia habari za Mama Liz, mjane anayekaa ufuoni, njia ya kwenda Mbita. Mumewe, Japheth, alikuwa fundi. Alikuwa amepata boti kuukuu kutoka kwa watu waliokuja kupima samaki, wakamaliza kupima, wakaenda zao. Japheth aliitengeneza miaka kumi na mmoja, kisha akafa yeye, boti ikabaki. Dada akatuonya kwamba boti yenyewe ina sura mbaya.

Kwa sura, kweli. Tulifika asubuhi, jua halijatoka sawasawa, tukaikuta imefungwa kwenye kisiki, imezungukwa na magugu maji, rangi yake kijivu kama punda aliyelala kwenye majivu. Chumba chake cha usukani kilisimama juu yake kama choo cha shule. Lakini Machuki alipoiona alinyamaza, na Machuki akinyamaza ujue ameona kitu.

Hakuigusa. Aliizunguka kwanza, upande wa nchi kavu na upande wa matope, polepole, akiwa mbali kidogo, kama anavyomzunguka fahali mgeni asimtishe. Kisha akaomba ruhusa ya kupanda. Mama Liz, mwanamke mrefu mwenye kitambaa cheusi kichwani, alikuwa amesimama mlangoni pake juu ya kilima kidogo. Akateremka.

“Panda tu, mzee. Iko hapo.”

Machuki hakutazama vioo wala kiti. Aliinama akaingiza mkono mahali ambapo brashi ya rangi haifiki, nyuma ya mbavu za boti, akapapasa. Akafungua sakafu akanusa maji ya chini. Akagonga kwa fimbo kuanzia mbele hadi nyuma, na boti ikajibu ko, ko, ko, haikubadilisha neno. Halafu akaketi juu ya ndoo, magoti yakilia, akaanza kumhoji mjane wa watu.

“Mama, huyu alikuwa anafanya kazi gani?”

“Kubeba watu wa mazishi. Na soda.”

“Amewahi kumwangusha mtu?”

“Mmoja. Lakini huyo alikuwa amelewa.”

“Ana ugonjwa gani?”

Nilitaka kumkanyaga mguu. Ni muuzaji gani atakayekutajia ugonjwa? Lakini Mama Liz alilifikiria swali, kisha akapanda, akafunua ubao wa nyuma, akatuonyesha pale chuma kinapotoka kwenda kuzungusha propela.

“Anavuja hapa,” akasema. “Tone moja. Unapiga kope mara tano, tone lingine. Japheth alisema hivyo ndivyo anavyotakiwa. Hicho chuma kinapozwa na hayo maji. Alisema siku atakapoacha kudondoka ndiyo siku ya kuogopa.”

Sote watatu tukainama tukapiga kope. Tone likaja, kwa wakati wake.

Machuki akanitazama. Katika miaka yake yote ya minada alikuwa hajawahi kukutana na mtu anayekuonyesha ugonjwa wa mnyama wake na dawa yake, na wewe bado hujataja bei. “Injini,” akasema, sauti imebadilika kidogo. Akaweka kiganja juu yake. Ilikuwa baridi kama jiwe la mto.

Mama Liz aliingia kwenye chumba cha usukani, akachukua ufunguo uliofungwa kwa uzi, akauzungusha nusu, akangoja. Alihesabu kwa Kijaluo, polepole, mpaka kumi. “Lazima umngoje,” akasema. “Ukimharakisha anakasirika.” Kisha akaumalizia. Injini ikakohoa mara mbili, ikatema moshi, ikanguruma.

“Hicho ni kikohozi cha mzee,” Machuki akaniambia sikioni. “Si cha mgonjwa.”

Bado hakuridhika. Alitaka kumwona amebeba mzigo. Wanawake wa soko walikuwa wamekaa kando ya njia wakingoja gari, kina mama tisa na ndizi zao, na miongoni mwao Nyasuguta wa kwetu, ambaye siku aliyokaa kwenye benchi la kanisa la Rangwe upande mmoja, waumini wa upande wa pili waliomba wakiwa hewani. Machuki akawaomba wote wapande, wakae upande mmoja. Boti ikainama. Nyasuguta alipoketi ikainama zaidi, na nina hakika samaki wa Tanzania walijiuliza kuna nini. Ikafika mahali, ikakataa kuinama tena. Walipohamia upande wa pili ikarudi taratibu, kama mtu anayegeuka kitandani. Yote hayo kamba ikiwa bado kwenye kisiki.

Machuki na Mama Liz wakapatana. Fahali sita, waletwe Jumapili, kwa kuwa Sabato hatuswagi. Wakapigana viganja mbele ya wale wanawake. Mama Liz akaizima injini, wote wakashuka. Mimi nilibaki ndani, kwenye chumba cha usukani, nimekalia kiti. Mtu asikudanganye, kuliona ziwa kupitia kioo, huku umekaa na upepo haukufikii, ni kitu kitamu. Nilijiambia nakaa kidogo tu, kulinda mfuko wetu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mume wangu alipofanya jambo ambalo ni mnunuzi wa ng'ombe peke yake anaweza kulifanya.

Kwetu, ukinunua ng'ombe huondoki na kamba yake. Kamba ni ya muuzaji. Unamfungua mnyama, unamrudishia mwenyewe kamba yake mkononi, kwa heshima, ili zizi lake lisibaki na mkono mtupu, na wewe unamfunga mnyama wako kwa kamba yako mpya uliyokuja nayo. Machuki hajawahi kuivunja sheria hiyo, hata kwa watu waliomwibia. Na kamba mpya alikuwa nayo, kamba safi ya katani kutoka Rangwe. Ilikuwa ndani ya mfuko. Na mfuko ulikuwa miguuni pangu.

Akainama pale kwenye kisiki. Akafungua fundo, ambalo lilikuwa gumu na lilimchukua muda. Akaikunja kamba vizuri, akampelekea Mama Liz kwa mikono miwili.

“Kamba ni yako, mama,” akasema.

Asubuhi upepo wa huku hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Nilichoona mimi ni kilima cha Mama Liz kikianza kuondoka.

Nilisimama. Watu ufuoni walikuwa wakipungua ukubwa. Machuki alikuwa ameanza kupiga kelele, “Usiguse kitu, Mama Ongeri, usiguse kitu,” na katika ndoa yetu hilo ndilo neno linalonifanya nitafute cha kugusa. Boti ilikwenda nyuma nyuma mpaka ikaingia kwenye kisiwa cha magugu maji, yale magugu ambayo nchi nzima ilikuwa ikiyalaani mwaka huo, nayo yakaishika kama mama anavyomshika mtoto nguo. Hapo kiboko akainuka. Akaweka uso kwenye kioo, akanitazama, nami nikamsalimu kwa Kijaluo. Nadhani lafudhi yangu haikumpendeza. Alizama.

Nikaona sitangoja mwingine. Nikauzungusha ufunguo nusu. Kijaluo changu cha kuhesabu kinaishia tatu, kwa hiyo nikahesabu Kikisii mpaka kumi, bila haraka, na injini ikaelewa. Nilizunguka kisiwa kile mara mbili kwa sababu usukani ulipenda kushoto. Mara ya tatu tukapatana, mimi na huo usukani, nikaelekeza pua ya boti kwenye kisiki na kwenda.

Na hapo nikamwona Machuki. Mtu ambaye hata mto hauvuki kama hakuna daraja, alikuwa ndani ya ziwa mpaka kifuani, magoti yake mabovu yote mawili chini ya maji, fimbo ameinua juu, kama atanirudisha kwa kuniswaga. Alikuwa ananiita kwa jina langu la usichana. Bochaberi, alikuwa akisema, Bochaberi. Nilikuwa sijalisikia kinywani mwake tangu alipozaliwa Ongeri, mtoto wetu wa kwanza.

Niliizima injini mapema, boti ikaja kulala kwenye matope kama imechoka. Wanawake wakapiga vigelegele. Nyasuguta akaifunga kwa kamba yetu mpya. Lakini Mama Liz hakupiga kigelegele. Alikuwa amesimama pale pale, ile kamba ya zamani mikononi, anaitazama.

“Hilo fundo alilifunga Japheth,” akasema. “Jioni ile kabla ya kupelekwa hospitali. Hakuna mtu amelifungua.”

Machuki akajaribu kueleza, maji yakimtiririka, habari za kamba na zizi na mkono mtupu. Mama Liz akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Huku kwetu boti inaenda na kamba yake,” akageuka, akapanda kilima na kamba, akaingia nyumbani. Wanawake wakaangalia ndizi zao. Gari lao likaja wakaondoka.

Tukabaki mimi na yeye ndani ya chumba cha usukani. Nilimvua shati nikalikamua nje ya dirisha.

“Twende nyumbani,” akasema.

“Hatuendi.”

“Mama Ongeri, nimefungua fundo la marehemu. Mtu huyo hawezi kuniuzia hata kuku. Na ana haki.”

“Panda hicho kilima ukamwombe.”

“Sijawahi kumwomba muuzaji.”

“Hujawahi kuingia ziwani pia.”

“Magoti hayatapanda,” akasema. “Hata kama mdomo ungetaka.”

“Basi nitapanda mimi.”

“Wewe? Jana ulikuwa unasema tubaki na fahali. Njia nzima kutoka Rangwe, fahali, fahali.”

“Jana nilikuwa sijaiendesha,” nikasema. “Hii ndiyo boti, Machuki. Ile ya Boaz ingeniua. Hii imenirudisha. Ulichagua vizuri, nakwambia leo, na sitarudia.”

Alinitazama kama amesikia ng'ombe akisalimu. “Ina usukani mzito kushoto,” akasema, kwa sababu ni mtu ambaye ukimsifu anatafuta kasoro ashikilie.

“Nimeuona. Utauzoea. Ama nitaendesha mimi, wewe ukae hapo unitajie umri wa mbuzi.”

“Mwanamke aendeshe boti?”

“Nani ameendesha leo?”

“Leo ulichukuliwa na upepo.”

“Nilichukuliwa na upepo kwenda. Kurudi nilichukuliwa na nani?”

Akageukia magoti yake, akaanza kuyasugua. “Nisipopata hii,” akasema polepole, “sitatafuta nyingine. Nakwambia mapema. Nitakaa.”

“Na kuku.”

“Umenisikia na kuku?”

“Rangwe nzima imekusikia. Sasa nisikilize wewe. Nitapanda, nitamwambia Mama Liz kwamba mume wangu ni mjinga wa maji, lakini hajawahi kumtoa mnyama wa mtu zizini bila ya—”

Boti ikainama kidogo upande wa nchi kavu. Mlango ukavutwa, na Mama Liz akaingia ameinamisha kichwa kukwepa kizingiti, kiunoni ameshikilia sanduku la bati lililojaa spana za Japheth, juu yake mkebe wa grisi na kitambaa cha kufutia mikono. Alilitua sanduku chini ya usukani, taratibu, mahali ambapo rangi ya sakafu ilikuwa imechubuka kwa umbo lake. Machuki akavuta miguu yake kumpisha.